Nyasi za Ng'ombe

Panga jipya lina harufu yake. Wengi hawaijui, maana hukutana na panga likiwa limeshazeeka jikoni, limeliwa na tupa, mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi. Likiwa bado jipya, karatasi ya kiwanda ikiwa imebandikwa ubavuni, huwa limepakwa grisi ili lisishike kutu, na grisi hiyo inanuka mafuta ya gari na kitu kingine kichungu ambacho sijawahi kukipatia jina. Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela kutafuta panga la kupunguza ua wa kayaba. Kijana wa duka akachomoa moja kwenye rundo, akalipangusa kwa gazeti, akanipa nilishike nione lilivyo zito. Nilimrudishia papo hapo. Nikamwambia nimebadili nia, nikatoka nje, nikasimama karibu na mafundi wa milango ya chuma. Usidhani nilikuwa naogopa. Nilikuwa na hasira, ile ile ya zamani, na haijapungua hata kidogo.

Basi wacha nikueleze ilikotoka, na tafadhali usiniambie nisamehe kabla sijamaliza. Nimeambiwa nisamehe tangu nikiwa na meno ya utoto, na walioniambia ni wale ambao hawakupoteza kitu.

Tuliishi nyuma ya Kitengela, ukiiacha barabara ya Namanga na kufuata njia ya malori ya mawe kama unaelekea Isinya. Baba alinunua ploti pale alipotoka Murang'a. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati kutoka chini hadi juu. Mchana ilituoka, alfajiri ilitugandisha, na mvua ikinyesha hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hivyo ugomvi wowote wa nyumbani ulilazimika kungoja mvua ikatike. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Sukari, ambaye Mama alimstahi kuliko alivyowastahi wageni wengi. Baba alikuwa nyapara kwenye kwari, yaani ndiye aliyewasimamia vijana wa kuchimba na kuchonga mawe ya kujengea. Alirudi jioni mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, akikohoa, akaomba chai kabla hata ya kuvua buti.

Mwenye kwari tulimwita Mdosi, yaani bosi. Jina lake analo na sitamtangazia. Alikuwa mtu wa kucheka na watu, wa kushusha kioo cha gari na kuuliza kama mtoto hajambo. Alikuwa amekaa sehemu zile miaka mingi kuliko sisi, na Kimaasai chake kilitosha kununua mbuzi sokoni Bisil bila kupunjwa.

Ng'ambo ya njia lilikuwa boma la Mama Sianoi. Yeye na Mama waliunganishwa na nyasi. Mama alihitaji nyasi za Sukari, na wakati wa kiangazi nyasi zilibaki kando ya mto peke yake, kwenye ardhi ya Mama Sianoi. Mama Sianoi naye alipenda sukuma wiki, lakini hakuwa na subira ya kupanda kitu ardhini na kukingojea. Wakaelewana. Yeye alimwita Mama "Ngoto Wambui," ndiyo kusema mama yake Wambui kwa Kimaasai, na Wambui ndiye mimi. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Walipokosa neno walichekana, kisha mazungumzo yakaendelea kana kwamba neno limepatikana. Mimi kila nilipopita pale niliinamisha kichwa, naye akakigusa kwa kiganja, maana ndivyo watoto wa kule wanavyowasalimia wakubwa. Sianoi binti yake alikuwa rika langu, na tulishinda pamoja hadi tukaambukizana chawa.

Siku moja tukiwa malishoni na kaka zake Sianoi, wawili kati yao walipigana kwa ajili ya ndama aliyepotea. Mkubwa alikuwa ameinua fimbo juu, na fimbo ile ingempasua mwenzake kichwa. Yule mdogo akainama haraka, akang'oa konzi ya nyasi, akaishika mbele yake. Fimbo ikabaki hewani. Mkubwa alitetemeka kwa ghadhabu, akatukana, akaenda zake. Nilipouliza kulikoni, Sianoi alinicheka. Hata mtoto mchanga anajua, aliniambia: mtu aliyeshika nyasi hapigwi. Nyasi ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni wa Mungu, kwa hivyo ukishika nyasi umeomba amani, na anayekupiga hapo ana laana yake. Nilirudi nyumbani nikasahau. Sikumwambia Mama, kwa nini ningemwambia? Yalikuwa mambo ya watoto.

Juu ya kilima, nyuma ya boma lao, palikuwa na mti. Wao wanauita oreteti. Ulikuwa umeota juu ya mwamba mtupu, mizizi yake imeukumbatia mwamba wote na kushuka hadi chini kutafuta udongo. Kina mama walikwenda pale kuomba mvua na kuomba watoto. Wengi wao tulikuwa nao kanisa moja Jumapili, na hawakuona kama kuna mgongano wowote. Mungu ni yule yule, Mama Sianoi alisema, ila kanisani kuna kelele nyingi. Hakuna aliyekata tawi la mti ule, hata kiangazi kikiwa kikali namna gani, hata moto ukiwa umekosa kuni.

Na kwetu Murang'a, mti wa ukoo huo huo tunauita mugumo. Bibi yangu aliwahi kunionyesha mmoja, akanishika mkono nisiukaribie nikicheza. Baba alizaliwa karibu na mti ule. Hangethubutu kuugusa kwa panga, hata ukimpa nini. Lakini huu wa kilimani aliuita "mti wa Wamaasai," na kwa maneno hayo matatu tu ukageuka kuni.

Mama hakuuita hivyo. Baada ya kunizaa mimi alipoteza mimba, na nyingine, na nyingine. Kanisani waliombea tumbo lake hadi akaanza kuona aibu kusimama. Ndipo Mama Sianoi alipokuja asubuhi moja akamwambia achukue maziwa ya ng'ombe wake waende. Mama alinibeba mimi kama kisingizio, ati tunakwenda kukata nyasi. Nakumbuka kina mama wakiimba kwa sauti ya chini, na Mama katikati yao, hajui maneno, anafungua na kufumba mdomo. Walinyunyizia maziwa ya Sukari kwenye mizizi na kwenye tumbo lake. Baadaye Kimani alizaliwa, mnene, mlalamishi, mzima. Mama alisimama kanisani kutoa shukrani. Alisema Mungu ni mwema, na hakusema alimwomba akiwa wapi. Kwenye benchi la nyuma Mama Sianoi alikohoa kikohozi cha uongo, na Mama akajifunika uso kwa leso, watu wakadhani analia kwa furaha.

Sasa basi. Shemeji yake Mama Sianoi alikiuza kile kilima. Aliuza kimyakimya, akanunua gari dogo ambalo lilizima kabla ya mwaka kwisha, na mnunuzi alikuwa Mdosi. Kwari ilikuwa imeshakula hadi miguuni pa kilima, na jiwe zuri kuliko yote, lile la kijivu linalochongeka bila kupasuka hovyo, lilikuwa chini ya mti. Asubuhi moja tuliukuta mti umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kama zinavyopigwa nyumba zinazotakiwa kubomolewa. Mama Sianoi aliisugua alama ile kwa mchanga na maji mpaka vidole vyake vikachubuka. Haikutoka. Alimwendea Mdosi, akamwomba achimbe kwingine. Mdosi alimpa soda, akamwambia atafikiria.

Habari zilifika Bisil siku ya soko. Morani walianza kuja, wachache wachache, wakalala bomani kwa Mama Sianoi, kila mmoja na rungu na simi, ule upanga mfupi, kiunoni. Mbele yao alikuwa mwanawe mkubwa, Lemayian. Huyo ndiye aliyekuwa ameinua fimbo ile siku ya ndama.

Na kwetu sisi likaja gunia. Gari la Mdosi lililileta, wanaume wawili wakalishusha, na nilipolisikia likigonga sakafu nilijua ni chuma. Baba aliliweka stoo, kando ya unga wa Sukari. Harufu ikajaa nyumba nzima. Mama alilifungua, akatazama ndani, akalifunga tena.

"Ni ya kujikinga tu," Baba alisema.

"Kujikinga na nani? Na Mama Sianoi?"

Baba alionja kikombe chake. Alisema chai imepoa.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Harufu ile ya grisi iliingia kwenye unga wa ng'ombe. Sukari alinusa chakula chake, akapuliza pua, akageuza kichwa, na kutwa nzima hakula. Maziwa ya jioni hayakufunika hata sehemu ya chini ya sufuria. Mama alisema hata ng'ombe amekataa, na kwamba kesho yake lazima aende mtoni kutafuta nyasi, vita au hakuna vita. Baba alimkataza. Mama alimwuliza kama yeye Baba yuko tayari kumwambia Kimani kwa nini hakuna maziwa.

Mama alitoka giza halijaisha, akidhani atarudi kabla watu hawajakusanyika. Nyasi hazikuwepo pale alipozoea. Akaenda mbali zaidi kufuata mto, akachelewa.

Shule ilikuwa imefungwa. Baba aliliburuta gunia hadi kwari, akagawa mapanga kwa kuita majina, kama alivyogawa glavu za kazi siku nyingine. Mimi niliambiwa nijifungie ndani na Kimani. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikasimama kwenye ua. Niliwaona wote. Upande huu vijana wa kwari, weupe kwa vumbi, mapanga yanang'aa na karatasi hazijabanduliwa. Niliwajua. Mmoja wao ndiye aliyezoea kunipa nusu ya mandazi yake. Upande wa pili, chini kidogo ya mti, morani. Katikati njia ya malori. Wakubwa wa serikali walisemekana wako njiani kuja kusuluhisha, na hadi leo hawajafika. Mdosi alikuwa ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, injini inaunguruma.

Matusi yalianza, kisha mawe. Jiwe moja lilimpiga morani begani. Morani wakaanza kushuka, na vijana wa kwari nao wakasogea, na nafasi iliyobaki katikati ilikuwa ndogo kiasi kwamba ningeweza kurusha kiatu kikavuka.

Ndipo Mama akatokea kwenye kona ya njia. Alikuwa amebeba nyasi mgongoni jinsi wanawake wa kwetu wanavyobeba, kamba imepita kwenye paji la uso. Ukibeba hivyo unatazama vidole vyako vya miguu na si kitu kingine. Mzigo ulikuwa mkubwa hata Mama mwenyewe haonekani, ni lundo la nyasi za kijani lililoota miguu miwili. Kelele alizisikia, alituambia baadaye, ila alidhani ni lori limekwama na watu wanalisukuma. Alitembea hadi katikati yao.

Lemayian alisimama, rungu liko juu. Mwanamke wa upande ule mwingine alikuwa amekuja mbele yao, ameinama, na hakubeba konzi ya nyasi bali mlima mzima. Akashusha rungu. Waliokuwa nyuma yake wakashusha. Akamsogelea Mama, akachomoa nyasi chache kwenye mzigo, na wengine wakaja, kila mmoja akachomoa zake.

Na Mama? Mama alihisi mzigo unavutwa-vutwa, akajua anaibiwa. Akafoka kwa Kikuyu, kwa sababu mtu akishtuka haendi kutafuta lugha ya wageni, akasema waache nyasi zake, ni za ng'ombe. Vijana wa kwari walielewa. Wakapasuka kicheko. Morani hawakuelewa, wakadhani huyu mama anawabariki kwa lugha yake.

Mama Sianoi alishuka kilima mbio, shanga zinamlia shingoni. Alimvua Mama ile kamba, akamshika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. "Ngoto Wambui," alisema, "umeleta nyasi." Mama akainua uso. Akaona marungu, akaona mapanga, akamwona Baba ameshika panga na ameganda. Hakujua maana ya nyasi, lakini alimsoma rafiki yake usoni akaelewa ya kutosha. Alifunga mdomo. Akachukua nyasi kwenye mzigo mwenyewe, akampa Mama Sianoi. Kisha akageuka, akaanza kuwagawia vijana wa kwari mmoja mmoja, akiwatazama machoni kama mama anayegawa chakula na hataki kusikia kwamba umeshiba. Wakapokea. Kicheko kikaisha. Baba alipokea wa mwisho, akaweka panga chini ili apate mkono wa kushikia.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Mdosi alishuka, akaja akitabasamu, akaomba nyasi zake. Akaziinua juu kwa mkono wa kulia, juu kabisa, mahali ambapo kila morani angeweza kuona. Akasema kwa Kimaasai, halafu kwa Kiswahili: "Mti hautaguswa." Alichinja mbuzi. Morani walikula, wakapanda lori, wakarudi Bisil. Sukari alibakiwa na nyasi za kushika kwa mkono mmoja, na Mama alirudi tena mtoni jioni ile bila kulalamika.

Tulikaa kwa raha siku chache. Kina mama walikuja kumtazama Mama kama bibi harusi. Mama Sianoi alimvika ushanga. Mama alitaka kumwambia ukweli, nilimsikia akijaribu, lakini kila akianza Mama Sianoi alicheka na kumpa kitu kingine cha kula.

Jumapili tulikuwa kanisani wote, wa kwetu na wa kwao. Tulikuwa tumesimama tunaimba wakati sauti ilipoingia dirishani. Msumeno wa petroli. Ulinguruma, ukatulia, ukanguruma tena kwa sauti nyembamba zaidi, ile inayotoka meno yakishaingia ndani ya mti. Kila mtu aliusikia. Niliwaona wakiusikia. Mchungaji, ambaye mara mbili alikuwa amehubiri kwamba Mungu hakai kwenye miti, alimpungia mkono mpiga kinanda aongeze sauti. Kinanda kikapanda, na watu wakapandisha sauti zao, wakaimba kwa nguvu, Mungu awasikie vizuri. Waliokuwa wazima wa miguu na mikono. Wanaume watu wazima. Waliimba hadi mishipa ya shingo ikawatoka.

Mama Sianoi alitoka benchi la nyuma. Mama alitoka benchi la mbele, akapita katikati ya watu wote, na Baba akamvuta kanga, naye akaiacha kanga mkononi mwake. Mimi niliwafuata.

Tulifika mti ukiwa umelala. Ulikuwa unatoa maji meupe, mengi, yanashuka juu ya mwamba kwenda chini, na wanawake waliofika kabla yetu walikuwa wanayakinga kwa viganja bila kujua wayapeleke wapi. Mdosi alikuwepo, shati safi la Jumapili. Mama Sianoi hakumpigia kelele. Alimwuliza kitu kimoja tu: "Si ulishika nyasi?"

Mdosi alimtazama kwa upole. Akamjibu kwa Kiswahili ili sote tuelewe. "Mama, nyasi gani? Huyu alikuwa anapelekea ng'ombe wake. Vijana wangu wote walimsikia. Mwulize mwenyewe."

Mama Sianoi akageuka. "Ngoto Wambui. Ni kweli?"

Ningalikuwa mimi ningesema uongo. Nimefikiria mara nyingi sana, na ningesema uongo bila kupepesa macho. Mama hakuweza. Alisema ni kweli, zilikuwa za ng'ombe. Alianza kusema jambo jingine, kwamba alipoelewa alizitoa kwa moyo wake wote, lakini Kiswahili kilimtoroka, na safari hii hakuna aliyecheka ili neno lipatikane. Mama Sianoi alimwacha amesimama pale na mkono umenyooshwa.

Alasiri tulijifungia ndani. Baba alikuwa amekaa kitandani, buti miguuni. Kisha nikasikia watu wengi njiani, na vyuma, na kitu kinachochezacheza ndani ya debe. Halafu sauti moja langoni kwetu, juu ya zote. Ilikuwa ya Mama Sianoi. Alisema kwa Kimaasai maneno marefu, makali, sauti inapasuka, na mimi sikuelewa hata moja. Mama alinikumbatia mimi na Kimani, mgongo wake ukielekea mlango. Nilijua tunalaaniwa. Nilijua kabisa. Sauti ile ilidumu muda mrefu, kisha miguu ikaondoka.

Tangu siku hiyo Mama Sianoi alimsalimia Mama njiani kwa adabu, kama anavyosalimiwa mpita njia, basi. Baadaye Baba alileta lori la mawe ya kijivu kutoka kilimani, zawadi ya Mdosi, ili tujenge nyumba ya maana. Mama alisema hataingia ndani ya nyumba hiyo, na siku itakapojengwa yeye atalala zizini na Sukari. Baba alidhani ni maneno. Mawe yale yalikaa nje ya lango hadi magugu yakayafunika, na sisi tukaendelea kuokwa na kugandishwa na mabati huku wenzangu wote darasani wakihamia nyumba za mawe. Nilimkasirikia Mama kwa hilo. Nilimwona mkaidi, mwenye kuomboleza mti wa watu waliotulaani.

Mama alifariki mwaka jana. Sianoi, ambaye sasa ana duka la dawa za mifugo hapa mjini, alikuja matangani. Tulikaa nje tukimenya viazi, na katika kuzungumza nikamwambia kwamba sijasahau laana ya mama yake. Aliacha kisu. Akauliza laana gani. Nikamweleza: ile Jumapili, langoni kwetu. Sianoi akaanza kunieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto.

Morani walikuwa wamerudi. Habari ziliwafikia wakiwa sokoni, wakaja na debe la petroli, na nyumba ya kwanza ilikuwa iwe yetu, kwa sababu ilikuwa ya nyapara. Lemayian ndiye aliyebeba debe. Mama yake alisimama langoni, akamwambia mwanawe mbele ya rika lake: "Huyu mama alileta nyasi. Mimi nilizipokea kwa mkono wangu. Anayetaka kuchoma hii nyumba anichome mimi kwanza." Lemayian alimjibu kwamba nyasi zile zilikuwa za ng'ombe, dunia nzima inajua. Mama Sianoi akamwambia nyasi zote ni za ng'ombe.

Sianoi alidhani nitafarijika. Watu hudhani hivyo. Niliinuka nikaacha viazi, nikaenda nyuma ya nyumba, nikapiga ukuta wa mabati kwa ngumi hadi waombolezaji wakaja kuniangalia. Yule mama alikuwa amepoteza mahali pake pa kusali asubuhi, akadhihakiwa mchana mbele ya watu, na jua halijazama akasimama mbele ya mlango wetu akiwa tayari kuchomwa na mwanawe mwenyewe. Sisi tulikuwa ndani, tumekaa kimya.

Na Jumatatu asubuhi, kesho yake ya Jumapili ile, Baba alikunywa chai yake, akafunga kamba za buti, akaenda kazini.